Nakshi ya Mbao na Ulimi wa Muuzaji



Juma lililopita tulikuwa Kapseret, nje kidogo ya mji wa Eldoret, tulikokwenda kumtazama dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa bara miaka mingi iliyopita. Eda yake ya kufiwa imekwisha. Miongoni mwa vitu alivyoacha marehemu ni pikapu kubwa ya Kimarekani ya miaka ya 1970. Madeni yamekwisha kulipwa, na warithi wameafikiana kuiuza na kugawana thamani yake. Fungu la mjane aliyeachwa na watoto ni thumuni, sehemu moja katika nane.

Pikapu hiyo ina mkanda wa nakshi ya mbao uliopita ubavuni. Mbao yenyewe haimo. Ni utando wa plastiki uliopigwa chapa ya mistari ya mti, mara nyingi mti wa jozi, ukabandikwa juu ya bati. Wamarekani waliupenda mtindo huo, na Jeep Wagoneer ilipata sifa kwa ubavu wa namna hiyo. Mkanda wa mlango mmoja ulikuwa umebanduka, na vijana wakamwita fundi atie mwingine.

Fundi yule ni stadi, nasi tulikaa naye asubuhi nzima. Alianza kwa kufungua kitasa cha mlango. Chini ya bamba lake palikuwa na kipande kisichowahi kuonwa na jua, rangi yake hudhurungi iliyokoza, ilhali sehemu ya nje imepauka ikawa kama chai ya maziwa. Kapseret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni baridi, lakini jua lake ni kali. Akatueleza kwamba anayebadilisha mkanda wote hufuata rangi ya chini ya kitasa, na anayebadilisha kipande kimoja hufuata ile iliyopauka, la sivyo kiraka kitapiga kelele.

Kisha akapima kwa rula upana wa mistari, kwa kuwa mistari mipana kando ya myembamba huonekana hata rangi zikilingana. Akatazama mwelekeo wake, ili mstari unaotoka kwenye mlango uendelee kwenye bati linalofuata bila kukatika. Akatazama mng'ao, maana stika nyingi za leo hung'aa na ule wa zamani umefifia. Yote hayo aliyafanya nje, mchana. Rangi mbili zinazopatana chini ya taa ya gereji huweza kugombana juani. Na stika yote aliikata katika jora moja, kwani majora hutofautiana.

Kazi ikapendeza. Ndipo aliposhusha sauti: kipande kipya akikisugue kwa msasa laini na kukipaka rangi nyembamba, na hapana atakayejua kwamba kimebadilishwa. Mnunuzi kutoka Nairobi alikuwa ameahidi kuongeza bei kwa gari ambalo halijaguswa tangu litoke kiwandani. Vijana wakafurahi. Mama yao alinyamaza, kisha akatugeukia: "Sheikh, thumuni hii nitawalisha wajukuu. Itakuwa halali?"

Tulimjibu kwa mfano wa maziwa, maana Kapseret ni nchi ya ng'ombe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza mnyama kuachwa bila kukamwa kabla ya kuuzwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Akampa aliyedanganywa hiari ya kumrudisha mnyama huyo pamoja na pishi ya tende, badala ya maziwa aliyokama. Kiwele ni chake mnyama, na maziwa ni yake. Muuzaji hakusema neno la uongo. Hata hivyo alilipanga jambo ili jicho la mwenzake liamini lisilokuwapo.

Kwa hiyo, dada zetu, kufananisha si kosa. Mkanda ule tangu kiwandani ulikuwa mfano wa mbao, wala haukumdhulumu mtu, kwa kuwa hakuna aliyeuziwa kwa jina la mbao. Fundi akilinganisha mstari kwa mstari, huo ni ufundi, na Mwenyezi Mungu hupenda kazi iliyotengenezwa vyema. Ghushi huingia pale mnunuzi anapolipia uasili na muuzaji akanyamaza. Aibu iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha mali, na fedha iliyopatikana hivyo haisafiki kwa kugawanywa mafungu ya mirathi.

Mama akaamuru kipande kipya kikamilishwe kwa uzuri wote, kisha kitajwe katika hati ya mauzo, na vipande vya zamani vitiwe mfukoni akabidhiwe mnunuzi. Mnunuzi alipoelezwa, alipunguza bei. Vijana walinuna siku mbili. Mama alipokea thumuni yake, na jioni ile akatupikia wali wa nazi, nazi zenyewe zimetoka pwani.

Nasi tunaouza majumbani, iwe nguo ya mtumba iliyotiwa rangi upya au pete iliyochovywa dhahabu, tuing'arishe tutakavyo, kisha tuseme ilivyo kabla hatujaulizwa.

Wallahu aalam.