Mechi sita kwa kila musichana: siri ya Ulaya iko katika kalendari

Wakati ligi kubwa za Ulaya zinachezwa, hapa kwetu kila kibanda chenye televizio kinajaa watu. Tunajua majina ya wachezaji, tunajua mishahara yao, tunabishana mpaka usiku. Lakini kati ya mwezi wa 9 na mwezi wa 12, na tena kati ya mwezi wa 2 na mwezi wa 4, kuko mechi zingine kule Ulaya zenye hakuna mutu anazungumuzia hapa. Ni mechi za wasichana wenye hawajapita miaka 17 (U17) na wenye hawajapita miaka 19 (U19), wenye kutafuta tikiti ya kuingia katika mashindano ya mwisho ya bara lao. Leo tunapenda kuzifungua kidogo. Hatusemi ya kwamba kila kitu cha Ulaya ni kizuri. Ila ndani ya mechi hizi kuko somo moja lenye linatuhusu, na somo hilo haliombi mali mingi.

Tuanze na namna mambo inaenda. Tangu musimu wa 2021/22, UEFA, ni kusema shirika lenye kuongoza mupira wa Ulaya, iligawanya timu za taifa za wasichana katika madaraja mawili: Ligi A na Ligi B. Ligi A iko na timu 28, katika vikundi 7 vya timu ine ine. Timu ine za kikundi kimoja zinakutana katika inchi moja, zinakaa pale juma moja hivi, na kila timu inacheza mechi tatu. Huo ndio muzunguko wa kwanza. Timu ya mwisho ya kila kikundi inashuka Ligi B, na zenye kufanya vizuri kule Ligi B zinapanda. Mwaka mupya ukiisha kuanza, wanarudia: muzunguko wa pili, mechi tatu zingine. Sasa, timu ya kwanza ya kila kikundi cha Ligi A inapata tikiti. Hizo ni saba. Inchi yenye kupokea wageni inakuwa ya munane, na mashindano ya mwisho yanachezwa na timu munane tu.

Musomaji ataona mara moja ya kwamba mulango ni mwembamba. Timu ya pili ya kikundi, hata ikiwa na jina kubwa namna gani, inabaki nyumbani. Lakini kitu chenye kilitushangaza sisi hakiko pale juu. Kiko chini, kule Ligi B.

Zamani, inchi ndogo ilikuwa inaingia katika muzunguko wa kwanza, inapangwa na wakubwa, inapigwa mabao munane ao kumi, na mwaka wake unaishia pale pale. Mwezi wa 10 wasichana wanarudi nyumbani, vitabu vimefungwa, wanangoja mwaka mwingine. Wakati huo, timu zenye nguvu zaidi zilikuwa zinaruka muzunguko wa kwanza na kuingia moja kwa moja katika wa pili. Ni kusema: wenye wako na lazima ya kucheza sana ndio walikuwa wanacheza kidogo.

Leo haiko tena vile. Timu yenye kushindwa katika muzunguko wa kwanza haifukuzwe. Inashuka, inakutana na timu za kipimo chake, na inacheza tena. Kila inchi, kubwa ao ndogo, inajua ya kwamba katika musimu mumoja wasichana wake watapata mechi sita za kweli, ao chache kidogo kama wako katika kikundi cha timu tatu. Kocha anaweza kupanga kazi. Muzazi anajua siku gani mutoto atakosa masomo. Na musichana mwenye alifungwa 6 kwa 0 katika mwezi wa 10 anajua ya kwamba atarudi kiwanjani kabla hajasahau kosa lake.

Wenye waliisha kufundisha watoto wanaelewa uzito wa jambo hilo. Mutoto hajifunze mupira kwa kupigwa mabao kumi. Anajifunza kuogopa. Vilevile, mwenye kufunga mabao kumi hajifunze kitu. Wote wawili wanajifunza katika mechi ya 1 kwa 1, dakika ya 85, wakati miguu imechoka na kila mutu anapaswa kuamua.

Kuko jambo lingine katika mupango huo, lenye watu wengi hawaone. Nafasi yenye timu inapata katika muzunguko wa pili ndiyo inaonyesha itaanzia katika ligi gani musimu wenye kufuata. Lakini musimu wenye kufuata, wasichana wengi wa timu hiyo wamepita umri, wameondoka. Wadogo wao ndio wataingia Ligi A yenye hawakuipigania, ao watalipa deni la Ligi B lenye hawakulikopa. Kwa hiyo, mechi yenye inaonekana haina maana, kati ya timu mbili zenye zimekwisha kukosa tikiti, bado iko na uzito. Dada mukubwa anacheza kwa ajili ya mudogo wake. Katika familia zetu jambo hilo tunalijua vizuri. Katika mupira wetu tunalisahau.

Tuseme pia upande mwingine, juu hatupende kuuza sukari tupu. Mupango huo haujafanya inchi zote kuwa sawa. Katika U19, Espania ilibeba kombe mara ine mufululizo: 2022, 2023, 2024 na 2025. Mwenye vituo vizuri, makocha wengi na ligi ya wanamuke yenye nguvu anaendelea kushinda. Kalendari haifunge mabao. Ila inafungua mulango, na wadogo wanaupitia: mashindano ya mwisho ya U17 yalipokelewa na Estonia mwaka wa 2023, na na Visiwa vya Faroe mwaka wa 2025. Visiwa vya Faroe! Wakaaji wake wote hawafike 60 000. Kuko mitaa ya Lubumbashi yenye iko na watu wengi kupita inchi hiyo. Na bado wasichana wake wako na kalendari.

Sasa turudi kwetu, na tupitie Kolwezi. Grace Geyoro alizaliwa Kolwezi mwaka wa 1997. Alikomalia Ufaransa, akapita katika timu za vijana za inchi hiyo, na mwaka wa 2016 alikuwa ndani ya timu ya Ufaransa yenye ilichukua kombe la Ulaya la U19. Kisha akafika timu kubwa. Tunapenda kusema "huyu ni mutoto wetu", na ni kweli. Lakini tujiulize bila kujidanganya: kama angebaki Kolwezi, angecheza mechi ngapi za timu ya taifa mbele ya kufikisha miaka 19?

Jibu liko katika namna Afrika inapanga mambo yake. Huku kwetu, kwa U17 na U20 ya wasichana, hakuna mashindano ya bara yenye mwisho wake. Kuko tu mechi za kutafuta tikiti ya Kombe la Dunia, na zinachezwa nyumbani na ugenini: mechi mbili, mwenye kushindwa anatoka. Ukikosea siku moja, kizazi kizima kimekwisha. Kongo yetu ilifika Kombe la Dunia la U20 mara mbili, mwaka wa 2006 kule Urusi na mwaka wa 2008 kule Chile. Kisha, mpaka kombe la 2024, hatukurudi tena. Na hatukuwa peke yetu: kuanzia 2010 mpaka 2022, katika makombe sita, Afrika iliwakilishwa na Ghana na Nigeria tu. Ni kweli tikiti zilikuwa mbili. Lakini mechi mbili kisha kwenda nyumbani, hiyo haimusaidie mwenye yuko nyuma kumufikia mwenye yuko mbele.

Tunajua jibu lenye litatolewa: feza hakuna, safari za Afrika ni bei kali. Sawa. Lakini tuhesabu pamoja. Nyumbani na ugenini inaomba timu isafiri ili icheze mechi moja kule, na kisha ipokee wageni kwa mechi ingine moja. Kukutanisha timu ine katika muji mumoja kunaomba safari moja, na kila timu inapata mechi tatu. Gharama ya kulala na kula inaongezeka, hatukatae, lakini kila franka inanunua dakika nyingi zaidi za mupira.

Na Afrika inajua kufanya hivyo. Ligi ya Mabingwa ya CAF ya wanamuke, tangu ilianza mwaka wa 2021, inachuja timu kwa kanda: mabingwa wa kanda wanakutana pahali pamoja na kucheza kati yao. TP Mazembe ya wanamuke ilipitia njia hiyo, na mwaka wa 2024, kule Maroko, ilibeba kombe la Afrika. Lubumbashi ilicheza ngoma. Kama njia hiyo ni nzuri kwa klabu za wakubwa, sababu gani isiwe nzuri kwa watoto? Kanda yetu ya Afrika ya Kati iko na inchi munane. Hizo zinaweza kuwa vikundi viwili vya timu ine, bila kungoja mutu kutoka Ulaya atufundishe.

Haraka iko pia. Kombe la Dunia la U17 la wasichana sasa linachezwa kila mwaka, na Maroko ndiyo inalipokea kuanzia 2025 mpaka 2029. Ni kusema, mulango uko hapa barani, na unafunguliwa kila mwaka. Wenye kuongoza mupira wetu hawatakosa kutuahidi viwanja na vituo. Sisi tunawaomba kitu kidogo kuliko hicho, tena chenye mutu anaweza kuhakikisha kwa macho: karatasi moja, yenye tarehe za mechi sita, yenye kubandikwa ukutani mbele ya musimu kuanza. Siku musichana wa Kolwezi ataisoma karatasi hiyo na kujua ni lini atacheza tena, ndipo tutaanza kuzungumuzia talanta.