Gari la Marehemu Halivutwi Ovyo

Katika mitaa yetu, kuanzia Malindi hata Mombasa, zingaliko nyumba ambazo uani mwake limelala gari la marehemu baba, Mercedes au Peugeot 504, limefunikwa turubali likingoja siku ya kupelekwa kwa fundi. Siku hiyo ikifika, aghalabu huletwa kamba na gari jingine, gia ikatiwa fri, na safari ya kilomita mia na zaidi ikaanza. Huko si kuliokoa gari, ni kuliua.

Gari la otomatiki lina pampu ya kusukuma mafuta ndani ya gia, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu nayo hulala. Lakini magurudumu yaendeshayo gari yakiwa chini, huvizungusha vyuma vya ndani bila mafuta mapya kuvifikia, navyo hushika moto hata vikaungua. Kutia fri hakusaidii. Fri huitenga injini, haiyatengi magurudumu.

Nitaambiwa, mbona mzee mwenyewe alikuwa akilivuta? Huenda ni kweli. Baadhi ya otomatiki za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na pampu ya pili upande wa nyuma, ikizungushwa na magurudumu yenyewe. Baadaye watengenezaji wakaiondoa, desturi ikabaki. Hata gia za mkono hazikusalimika sana: zikiwa fri, zile gia za chini zirushazo mafuta juu husimama kimya. Mwendo mfupi huvumilia, safari hapana.

Basi na lipakiwe juu ya lori, magurudumu yote manne. Lori likikosekana, yainuliwe yale yaendeshayo, ambayo kwa 404, 504 na Mercedes za zamani ni ya nyuma. Wako wanaofungua propela. Kwa Mercedes hiyo ni sawa, lakini katika Peugeot hizo propela imo ndani ya bomba, wala si kazi ya kandokando ya njia. Kamba iwe ni ya kuliondoa gari barabarani tu, polepole, nayo ifungwe kwenye chesisi, si kwenye bampa (nimeshaona bampa ikienda Mombasa peke yake!).

Najua lori ni ghali, na ndugu wa mirathi mara nyingi hawaelewani hata juu ya nauli. Lakini gari ambalo halijagawanywa ni mali ya warithi wote, na aliyeshika ufunguo ameshika amana. Asiye na pesa za lori mwezi huu, na aliache chini ya turubali hadi mwezi ujao.