SAUTI YA DARSA NA AMANA YA KOMPYUTA

 

Ndugu Waislamu, kurekodi darsa na khutba ni katika njia za kuhifadhi elimu, hasa kwa ndugu zetu wa Mohoro na vijiji vya delta, ambao maji ya masika huweza kuwakatia njia ya kufika msikitini. Lakini tujiulize: hiyo kompyuta inayosafisha sauti ya mwalimu anayekataza haramu, yenyewe inaendeshwa na nini? Mara nyingi ni Windows ya kunakiliwa, iliyofunguliwa kwa namba za wizi.

Mwaka 1988 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait, iliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Wapo wanazuoni walioruhusu kunakili kwa manufaa binafsi, na rai yao twaiheshimu. Ila kutoka katika khilafu ni bora. Wapo pia wanaotoa hoja ya dharura, kwamba msikiti ni maskini. Tunasema: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake, nayo huondoka inapopatikana njia ya halali. Na njia ipo.

Njia hiyo ni Linux, mfumo huria ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Leseni yake inaruhusu kunakili, kurekebisha na kugawa. Wala programu huria si jambo geni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Tuchague upi? Kwa mwalimu mmoja na kipaza sauti kimoja, Debian yenye mandhari nyepesi ya Xfce, pamoja na Audacity, yatosha. Kwa wanaorekodi vipaza sauti vingi kwa pamoja, ipo Ubuntu Studio, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2007, ikiwa na programu za sauti kama Ardour ndani yake. Hii ni nzito, na huhitaji kompyuta yenye nguvu zaidi.

Hata hivyo tusikurupuke. Kwanza, aliyenunua Windows kwa halali si lazima aiache. Audacity hufanya kazi humo pia. Pili, tuiwashe Linux kutoka kwenye flashi kabla ya kuisakinisha, tuone kama inakitambua kipaza sauti chetu. Tatu, tuhifadhi kwanza nakala za darsa zetu mahali pengine, kwani kusakinisha kwaweza kufuta diski yote.

Flashi moja iliyojazwa mjini yaweza kuhudumia misikiti ya Mohoro, Utete na Kibiti, bila dhambi wala deni. Basi kamati za misikiti zina udhuru gani?