Lifungeni Ziwa Basotu

Samaki wa Ziwa Basotu, wilayani Hanang, sasa anauzwa mjini Katesh kwa fungu, kama dagaa. Perege wa upana wa kiganja cha mtoto! Nenda mwaloni alfajiri uone jike akinasuliwa kwenye wavu: anatema mayai ya manjano ndani ya mtumbwi, kwa sababu perege hulelea mayai na vifaranga wake mdomoni. Mvuvi anayakanyaga, anaendelea na kazi. Kesho atalalamika kwamba ziwa limekauka samaki.

Ukiuliza nani kalimaliza ziwa, utaambiwa wavuvi wageni. Uongo mtupu. Mgeni hakuingia usiku. Alilipa ushuru, akapewa risiti. Watu wa halmashauri waliomkatia risiti wanajua hadi shilingi ya mwisho walichokusanya, lakini waulize ziwa linabeba mitumbwi mingapi, watatazama dari.

Basotu ni ziwa la kreta. Hakuna mto mkubwa wa kulimwagia samaki wengine. Kilichomo ndicho hicho. Kulizunguka kuna nchi iliyolimwa kwa pupa tangu miaka ya 1970, shirika la umma la kilimo, NAFCO, na Wakanada walipogeuza malisho ya wafugaji wa Kibarabaig kuwa mashamba ya ngano ya maelfu ya ekari. Aliyekosa malisho, aliyekosa shamba, aliyekosa kibarua, wote wanatazama maji. Siwalaumu. Njaa haisomi kanuni.

Lakini wavu wa kokoro ni haramu, hilo halina mjadala. Kokoro linaburutwa chini ya ziwa, linafukia viota ambavyo dume huchimba kwa ajili ya kuzaliana, linasomba vifaranga pamoja na wazazi. Na dawa yetu ni ipi? Operesheni. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilichoma nyavu kwa malundo huko Ziwa Victoria, na kamera zikapata moshi wa kutosha. Mwenye wavu analia. Aliyemuuzia anafungua duka kesho yake. Moto haujawahi kutaga yai hata moja.

Samaki anahitaji muda tu, na muda hatutaki kumpa. Ziwa Tanganyika, lenye kilomita za mraba karibu 33,000 na nchi nne za kukubaliana, lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Kongo, Burundi, Zambia na sisi tuliweza kukaa meza moja. Hanang ina halmashauri moja na ziwa ambalo mtu analizunguka kwa baiskeli, inashindwa nini?

Najua jibu: wavuvi watakula nini? Swali zuri, na waulizwe waliokuwa wakikusanya ushuru miaka yote. Sehemu ya fedha ile ingewekwa kando kwa miezi ya kufunga, leo tusingeulizana. Basi ianze sasa. Kikao kijacho cha madiwani kitaje tarehe ya kufunga, kitaje posho ya wenye leseni na chanzo chake, na kitaje idadi ya mitumbwi itakayoruhusiwa kurudi. Mtumbwi wa diwani nao uhesabiwe.