KONA YA MWALIMU: Mwanya ni pambo au ni kasoro?

  

Mwezi huu tuongee juu ya mwanya, ile nafasi kati ya meno mawili ya mbele ya juu. Mtasema mwalimu amekosa habari? Hapana. Siku hizi darasani kuna watoto hawataki tena kusoma kwa sauti. Ukimwita ubaoni anaziba mdomo kwa mkono, maana wenzake wanamcheka eti meno yake ni mlango wazi, ndagala zinapita. Na mabinti wengine wameanza kufunga mpira wa nywele kwenye meno ili yakaribiane. Hapo nimeona tusinyamaze.

Kwanza, nani kasema mwanya ni ubaya? Kwa Waswahili tangu zamani mwanya ni sifa. Mtu akimsifu mchumba wake, mwanya hausahau. Kinyarwanda wanauita inyinya, na binti mwenye inyinya anahesabiwa mrembo. Wafaransa wanayaita meno ya bahati. Waarabu wa zamani waliupenda mpaka wanawake wengine wakachonga meno ili waupate, ndiyo maana katika hadithi za Bukhari na Muslim wanakemewa wanaotenganisha meno kwa ajili ya urembo. Na huko Nigeria kuna watu wanalipa pesa watengenezewe mwanya.

Lakini Ulaya na Marekani wazazi wengi wanawatia watoto nyaya za meno ili uzibe. Lauren Hutton, mwanamitindo wa Marekani, alipoanza kazi miaka ya 1960 aliambiwa aufiche, akawa anauziba kwa nta wakati wa kupigwa picha. Mwaka 1973 akapata mkataba mkubwa na kampuni ya vipodozi ya Revlon, na mwanya wake upo pale pale. Mnaona? Meno ni yale yale, macho ya watu ndiyo yanabadilika.

Pili, wazazi wajue mwanya unatoka wapi. Mara nyingi ni urithi: mtoto kachukua taya kubwa na meno madogo, au kile kijinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kimeshuka mpaka katikati ya meno. Kunyonya kidole kwa miaka mingi nako kunasukuma meno mbele. Mtoto wa miaka 7 mpaka 10 akiwa na mwanya, msiwe na haraka. Meno yake ya utu uzima bado yanatoka, na mara nyingi mwanya unapungua au unaziba wenyewe yakishatoka machonge, karibu miaka 11 au 12.

Tatu, na hili nawaomba mlishike sana: msifunge mpira kwenye meno. Mzizi wa jino ni mwembamba kuliko kichwa chake, kwa hiyo mpira unateleza, unaingia chini ya ufizi bila kuonekana na kula mfupa taratibu. Mwisho meno mawili mazima yanalegea na kung'oka. Ukiona mtoto alifunga mpira na sasa haonekani nao, mpeleke kwa mganga upesi, usingoje maumivu. Kuchonga meno kwa tupa pia ni hatari, maana ngozi ngumu ya jino ikiisha hairudi tena.

Kwa mtu mzima kuna jambo lingine. Kama hukuwa na mwanya na sasa unafunguka, au meno yanacheza na ufizi unatoa damu, huo si urembo tena, ni ugonjwa wa ufizi. Nenda kituo cha afya. Na sisi wote tupige mswaki asubuhi na kabla ya kulala.

Vijana, utani upo, lakini mwenzako akiacha kusoma kwa sababu ya kicheko chako, umemnyang'anya shule. Na mama, baba, mtoto akija nyumbani analia, mwambie huo mwanya ni wa bibi yake, na bibi alichumbiwa nao! Tuwape watoto wetu mwanya wa kucheka.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu wa kujitolea