Ufukweni Saadani: Nani Anawaangalia Watoto?

Likizo ikikaribia, familia na kwaya zetu huanza kuchangishana nauli ya kwenda matembezi. Wengine huchagua Saadani, hifadhi ya taifa ambapo mbuga ya wanyama inakutana na Bahari ya Hindi. Nendeni! Mtoto aone twiga asubuhi, mchana akanyage mchanga, asikie habari za kasa wanaotaga mayai pwani ya Madete. Mapumziko nayo ni afya.

Lakini kabla ya kujadili pilau na soda, jadilini nani atawaangalia watoto majini.

Katika miaka yangu ya uuguzi nilimpokea mtoto aliyeletwa kutoka matembezi ya namna hiyo, pwani nyingine. Watu wazima walikuwepo wengi. Kila mmoja alidhani mwenzake anatazama. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwani hana pumzi ya kuitia. Walipomtoa, walimning'iniza kichwa chini na kumkamua tumbo ili maji yatoke. Walifanya kwa upendo, kumbe alichohitaji ni hewa. Hatukuweza kumrudisha. Msibani watu walisema siku yake ilikuwa imefika. Mimi sikukubali, na hadi leo sikubali. Tusimsingizie Mungu uzembe wetu.

Kwa hiyo nashauri haya:

1. Chagueni watu wazima wawili kwa majina. Kazi yao iwe kutazama maji tu, bila kilevi wala maongezi, na wapokezane kila nusu saa. Watoto wadogo wawe karibu na mtu mzima, umbali wa kushikwa mkono.

2. Ulizeni wenyeji saa za maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana, kisha hurudi kwa kasi.

3. Msioge Mto Wami wala mdomoni mwake. Kuna mamba na viboko. Wafuateni askari wa hifadhi wanavyoelekeza, maana wanyama hufika hadi ufukweni.

4. Mtu akizama, mtupieni dumu tupu lililofungwa kifuniko, au kamba. Asiyejua kuogelea asijitose, tusije tukazika wawili.

5. Akitolewa na hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi 5. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, kisha pumzi 2. Endelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akina baba na akina mama, kiongozi wa safari huhesabu watoto wakati wa kupanda basi. Awahesabu na majini pia. Nawatakia matembezi mema, na wote mlioondoka mrudi.