Ati Wakenya hatupendi picha safi?

Kuna jamaa wanasema Blu-ray haikushika Kenya kwa sababu sisi hatujali picha safi. Wacheni matusi. Mwaka wa 2006 mashine ya kwanza ya Blu-ray Marekani, ya Samsung, iliuzwa karibu dola 1,000. Wamarekani wenyewe hawakuikimbilia. Mbona hao hamwaambii hawajui picha?

Halafu mtu ananiletea HD DVD. Si mashine ya Toshiba ilikuwa nusu ya hiyo bei na bado ikafa 2008? Ni kweli. Lakini ilikufa Warner iliposema itatoa Blu-ray pekee. Mashine rahisi bila muvi ni ya kazi gani?

Bei si ya mashine tu. Ni ya kila jioni unayotaka kutazama kitu. DVD iliingia mtaani kwa sababu diski ilichomwa ikauzwa shilingi 50 (ndio, ni uharamia, najua), na wakati mwingine ina muvi kadhaa ndani. Blu-ray ilitaka diski ghali, mashine ghali, halafu na TV mpya. Mama mboga angeanzia wapi? Tukangoja ishuke. Kabla haijashuka, flashi ikafika, na yule jamaa wa kuchoma DVD akaanza kutujazia muvi kwa bei ya chapati.